Kamera Kubwa Ndiyo Uende Nayo

Majengo, Dodoma
Alhamisi, alasiri

Mwanangu Zuhura,

Kama barua hii iko mkononi mwako, basi umeshafungua begi, umeikuta kamera kubwa pale ulipokuwa umeweka ile ndogo, na umeshanikasirikia. Kasirika tu. Kwa makadirio yangu basi limeshapita Kondoa, na hakuna dereva atakayegeuza gari eti kwa sababu binti fulani amebishana na mama yake juu ya kamera.

Nakuandikia nikiwa studio. Saa kumi hii nimefunga mlango nikawaambia watu umeme unasumbua. Wewe uko nyumbani Ipagala unapiga pasi nguo zako, unadhani nimekawia kwa wateja. Kesho asubuhi, ukiwa unawaaga majirani, baba yako atafanya tulichopanga mimi na yeye. Mambo ya chandarua, ya chakula, ya kutomwachia mtu usiyemjua mzigo wako, tumeyasema mpaka umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla hatujafika mwisho wa sentensi. Sitayaandika. Nataka kuandika yale ambayo sijawahi kukuambia, ili ujue kwa nini nimekataa neno lako la juzi.

Juzi ulisimama hapa karibu na pazia la bluu ukasema, "Mama, chuo wameandika kamera yoyote. Mimi Kibiriti kinanitosha. Mzinga ubaki. Nikiondoka nao studio itakula nini?" Mimi nikanyamaza. Ukadhani nimekubali, ukaanza kukunja vitu vyako. Sikukubali. Nilikuwa natafuta maneno, na unanijua, maneno yangu huja polepole.

Majina hayo uliyatunga wewe mwenyewe. Ile kubwa ya kubadilisha lenzi ukaiita Mzinga kwa sababu ya domo lake, na ile nyembamba ya kuingia mfuko wa shati ukaiita Kibiriti. Baba yako alicheka mpaka akapaliwa na chai. Basi tuwasemee wote wawili kwa haki, maana ulivyosema "kinanitosha" ulisema kama mtu anayechagua, na mimi nakuambia hukuchagua.

Kibiriti kilitangulia kuja. Nilikinunua kwa yule mfanyabiashara wetu wa vitu vya Dubai, ambaye tangu serikali ifungue biashara hakuna msimu aliorudi bila kitu kipya cha kututoa macho. Alikiweka kiganjani mwangu akasema, "Mama Zuhura, film kwaheri." Nikaamini. Jumamosi ileile nikakipeleka kwenye harusi ya mtumishi mmoja wa serikali, ukumbini. Keki inakatwa, nabonyeza, Kibiriti kinafikiri kwanza. Kinafikiri, kinafikiri, halafu ndiyo kinapiga. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako: bwana harusi alikuwa ameshalishwa keki, ameshafuta mdomo, ameshageuka. Nilipata picha safi kabisa ya mgongo wake. Wale waliokuwa nyuma ya ukumbi wakatoka gizani na macho mekundu kama paka wa jikoni. Shemeji wa bi harusi akaniuliza mbele za watu kama hiyo ni kamera au ni simu.

Ndipo nikautafuta Mzinga. Nitasema ukweli, nusu ya sababu ilikuwa ubora na nusu ilikuwa shingo yangu. Nilitaka watu wauone mzigo shingoni mwangu wanipishe njia. Na walinipisha. Hata wale makarani wa Bunge wanaokuja hapa kwa haraka zao walianza kuniita "Mama mwandishi." Lakini kamera haikujui, mwanangu. Miezi sita ya kwanza niliuacha kwenye kile kialama cha kijani, unafanya kila kitu wenyewe, na picha zangu zilikuwa za Kibiriti, ila kubwa. Nyumba njema si mlango. Niliogopa kugusa vile vitufe vingine kwa sababu wewe ulikuwa umevielewa kabla yangu, na niliona haya kukuuliza mtoto niliyekuzaa mwenyewe. Hilo ni kosa dogo. Nalitaja kwa sababu huko utakutana na wadogo kwako wanaojua zaidi, na nisingependa upoteze miezi sita.

Kosa lingine unalijua, lakini hukuwahi kusikia mwanzo wake. Ilikuwa siku ya upepo, ule upepo wetu unaobeba nusu ya Dodoma hewani. Nikabadilisha lenzi hapa nje sokoni, nimesimama wima kama niko chumbani. Vumbi likaingia. Kila picha ikawa na doa jeusi mahali palepale, na bi harusi wa watu akapata doa shavuni ambalo Mungu hakumuumba nalo. Nikaupuliza kwa mdomo. Mate yakaingia, doa moja likawa matano. Nikachukua ncha ya khanga nisugue, na kama baba yako asingenishika mkono, leo tusingekuwa na kitu cha kubishania. Mzinga ulikaa kwa fundi Dar es Salaam majuma matatu, na wewe nikakuambia umeletwa na kasoro kutoka Dubai. Kibiriti hakina ugonjwa huo, kimefungwa pande zote. Kwa vumbi, Kibiriti kinashinda, nakubali.

Kinashinda na kwa jambo jingine. Mwaka jana nilipoingia ndani kwa bi harusi kule Kondoa nikiwa na Mzinga, nyimbo zilikatika. Wanawake waliokuwa wanacheza wakatafuta mitandio. Mmoja akasema, "We Mama Zuhura, hilo dude ni la televisheni? Ngoja tujifunike." Nikatoka, nikarudi na Kibiriti, wakaendelea kama hawajaona kitu. Ukiwa na Kibiriti unakishika mbali kidogo, wanakuona uso, wanaona unacheka nao. Mzinga unakufunika uso mzima, na mtu haoni anayemwangalia ni nani. Nilijifunza polepole. Siku hizi naingia na Mzinga, nauweka mapajani, nakula pilau kwanza, naulizwa habari za Dodoma, natukanwa kidogo na mawifi zangu, na watu wakishauchoka kuutazama ndipo nauinua. Na nikishapiga nauteremsha, naongea. Hiyo haiko kwenye kitabu cha maelekezo.

Sasa nifike pale ninapopazunguka.

Wewe hujawahi kuiona sura ya bibi yako mzaa baba. Uliniuliza ukiwa darasa la tatu, mwalimu alipowaambia mchore ukoo wenu, nami nikakujibu kwamba watu wa zamani hawakuwa na picha. Mama mwenye studio ya picha alimwambia mwanawe hivyo. Nisikilize.

Enzi za film, mkanda mmoja ulikuwa na picha thelathini na sita tu, na wakati ule hata mkanda wenyewe ulikuwa wa kutafutwa kwa tochi mchana. Harusini kila mtu anataka apigwe. Sisi wapiga picha tulikuwa na ujanja wetu. Flashi ilikuwa na kitufe chake nyuma, cha kujaribia. Mtu aking'ang'ania na wewe unabana film, unamwelekezea kamera, unabonyeza kitufe kile peke yake, pwaa, mwanga unamwagika, anatabasamu, anaridhika, anakwenda zake. Film haijasogea. Tuliita kupiga hewa. Kila mpiga picha wa rika langu hapa Dodoma amepiga hewa, na akikataa muulize mara ya pili.

Shangazi yako mkubwa alipoolewa kule Kondoa, nilikuwa na mimba yako ya miezi sita. Bibi yako alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, asiyependa makuu, na mimi na yeye tulikuwa bado tunapimana kama wakwe wanavyopimana. Hakuwahi kutaka picha. Siku ile akaja mwenyewe pale nilipokuwa, amejifunga khanga mpya ambayo hata mikunjo ya dukani haijatoka, akasimama ukutani akanyoosha shingo. Akasema, "Haya, mkwe wangu, leo na mimi nipige. Huyu aje anijue." Akaonyesha tumbo langu kwa kidevu.

Nilikuwa nimebakiza picha tatu. Nilizitunzia wazee wa upande wa bwana harusi, watu wakubwa, walioniita kwa kazi. Nikajiambia, huyu ni wa nyumbani, wa nyumbani hakimbii, kesho nitampiga kwa utulivu. Nikapiga hewa. Akasema, "Ahsante, mwanangu." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Kesho yake tuliwahi basi. Bibi yako hakufika masika. Arobaini ilipoisha, baba yako akaniuliza kwa upole, kama anavyouliza kila kitu, "Ile picha ya mama ilitoka?" Ningeweza kusema kweli pale pale, ingeuma mara moja ikaisha. Nikasema imeungua, mwanga uliingia kwenye film. Akasema, "Basi, kazi ya Mungu." Ukazaliwa wewe, ukakua, ukachora ukoo wako ukiwa na nafasi tupu, na mimi nikaendelea kuwapiga watu wa Dodoma nzima.

Jumapili iliyopita, ulipokuwa umekwenda Kondoa kuwaaga shangazi zako, nilimwambia. Sijui nilipata wapi nguvu. Nadhani ni kwa kuona begi lako limesimama pale sebuleni. Alikuwa uani anamenya karanga. Nikasema, "Baba Zuhura, ile picha ya mama haikuungua. Sikuipiga. Nilipiga hewa."

Hakuinua macho. Akamenya karanga mbili, tatu.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mama aliniambia siku ileile. Alisema mkeo kanimulika tu, kamera haikulia. Akacheka. Akasema nikuache, una kazi za watu."

Nilikaa chini, Zuhura. Nilikaa pale pale kwenye maganda. Nikamuuliza, "Sasa kwa nini uliniuliza kama ilitoka?"

"Nilitaka uniambie. Uliposema imeungua nikaona umeumia, nikakuonea huruma, nikaacha."

Nililia, na sioni haya kukuandikia. Nilimlilia bibi yako, aliyejua na bado akaniita mwanangu. Nikamlilia na baba yako. Umri wote ulio nao wewe, mimi namficha yeye na yeye ananificha mimi, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake, na tumelala kitanda kimoja. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa ndefu kwa sababu kulikuwa na mtu mwema upande wa pili anayenitengenezea barabara.

Jumatatu ukarudi, Jumanne ukasimama karibu na pazia ukasema Kibiriti kinakutosha. Sasa unaelewa nilichosikia. Nilisikia huruma ya nyumba hii. Unautaka Mzinga. Nimekuona unavyoushika, unavyoufuta hata pasipo na vumbi. Lakini umemwonea mama yako huruma ukaamua kusema unachodhani kitampendeza, na ukatabasamu, ili mimi niridhike niende zangu. Mwanangu, huko ni kupiga hewa. Mimi ndiye mwalimu wa jambo hilo, hunidanganyi. Tulikuwa wawili katika nyumba hii, sitaki uwe wa tatu.

Na ungekitaka Kibiriti kwa kweli, ningekupa kwa mikono miwili. Yupo mtu Kibiriti kinamfaa. Anayesafiri kutazama mambo tu, anayetaka kumbukumbu za wajukuu, anayetaka asionekane. Wewe siye. Ile picha uliyompiga mama muuza uwele hapa sokoni, anapepeta na makapi yametanda hewani, jicho moja amelifumba kukwepa vumbi, niliitazama siku tatu. Kibiriti kingefikiri kwanza, na makapi yangekuwa chini. Wewe uliona jambo kabla halijatokea, ukabonyeza, na Mzinga ukatii. Mtu mwenye jicho linalowahi hapaswi kupewa kamera inayochelewa. Atajifunza kuchelewa nayo, na baada ya mwaka mmoja atasema hakuwa na kipaji.

Huko chuoni usije ukautukuza. Mzinga wetu ni mdogo kati ya wakubwa. Umewaona wale wapiga picha wa magazeti wanaokuja wakati wa Bunge, wana malenzi kama bomba la jiko. Mbele yao wetu ni mtoto wa shule. Atatokea mtu akucheke, na mwenye kucheka mara nyingi kamera yake mwenyewe ni ya kuazima. Kuwa na kamera ndogo katika kubwa si aibu, aibu ni ile niliyoifanya mimi, ya kuivaa shingoni kama mkufu na kuiogopa moyoni. Gusa kila kitufe. Haribu picha nyingi mwaka huu wa kwanza, ziharibu vibaya, film haipo tena ya kukubana. Wala usizifute papo hapo kwa kutazama kile kioo cha nyuma. Kioo ni kidogo na kina haraka ya kuhukumu. Ngoja uzione kubwa.

Kuna kitu hizo kamera zote mbili zimekuja nacho ambacho nimekishukuru kuliko vyote. Mtu ukishampiga anasema, "Hebu nione," na unamwonyesha. Bikizee yeyote wa Kondoa anaweza kukukamata leo. Wenzangu wengine wanalalamika kwamba wateja wamekuwa wasumbufu. Mimi nawageuzia kioo kabla hawajaomba. Wewe pia wageuzie, hata yule ambaye hatakuwa na haja ya kuinunua, hata yule wa nyumbani. Wa nyumbani hasa. Ukiwa na nafasi tatu zimebaki na wakubwa wanakuita, mpige kwanza anayekupenda, wakubwa watasubiri. Wakikasirika, uso wao ndio utakaotoka umenuna.

Najua sasa unajiuliza swali lako lilelile, kwamba studio itakula nini. Nimelijibu kwa vitendo kabla ya kukuandikia. Siku zote tatu ulipokuwa Kondoa sikuushika Mzinga hata mara moja. Nilikiweka Kibiriti kwenye kile kisimamio cha miguu mitatu, nikamkalisha mtu karibu na dirisha mwanga wa Mungu umwangukie, nikamwambia asitikisike, nikasubiri kifikiri kadiri kinavyotaka. Kwenye picha za pasipoti hakuna keki inayokatwa. Watumishi, wanafunzi, mchungaji mmoja na shehe mmoja, wote nimewapiga kwa Kibiriti, wote wamezichukua wakaondoka. Mmoja tu alilalamika, na huyo alikuwa analalamikia sura yake. Baba yako ana mshahara wake, mimi nina mikono, na wanaohitaji pasipoti katika mji huu hawaishi.

Harusi ndizo sitaziweza kwa Kibiriti. Nimekubali hivyo, na sijakubali kwa kinyongo. Nimebeba kamera harusini tangu kabla hujazaliwa na magoti yameanza kunidai mapumziko. Nilitaka harusi, nikazipata, nikazifurahia. Usije ukaifanya hii kuwa hadithi ya mama aliyejinyima. Nikijinyima nitakuambia nimejinyima, nimeshaacha ile tabia nyingine.

Najua pia ulivyo. Mkifika Babati utashuka unywe chai, na utaanza kuwatazama makondakta wa magari yanayokuja Dodoma, yupi ana uso wa uaminifu umpe Mzinga aurudishe. Usithubutu. Hilo nasema kama mama, si kama rafiki.

Na hata ukimpata mwaminifu, utakuwa umechelewa. Leo mchana nilikwenda kwa watu wa ile harusi ya Jumamosi, wale wa Ipagala waliotuwekea nafasi tangu Mei. Nikawaambia sitakuja. Nikawapeleka kwa mkono wangu mwenyewe kwa yule mwanamume wa studio ya pili, ambaye tumeviziana miaka yote hii, nikamwambia, "Chukua, na za Desemba pia chukua, mimi nimeacha." Alidhani naumwa. Nikarudi hapa, nikapanda juu ya stuli, nikalitoa lile bango la nje, nikafuta neno HARUSI kwa petroli na tambara mpaka likaisha.

Mama yako,
mpiga picha za pasipoti,
Majengo.